Mguu wa Kulia wa Mama Breki

Chini ya meza ya kulia chakula, nyumbani kwa Mama Breki, kuna kigae kilichopasuka. Ni kile tu kinachokaa chini ya mguu wake wa kulia. Vingine vyote ni vizima. Mumewe amekibadilisha mara tatu. Mara ya nne akasema potelea mbali, nyumba haianguki kwa kigae kimoja.

Kisa ni kazi. Kwa miaka ishirini na sita Mama Breki amekuwa mwalimu wa udereva, na miaka yote hiyo amekaa kiti cha pembeni akiwa na kanyagio lake la breki, lililounganishwa na la mwanafunzi. La mwalimu likishuka, la mwanafunzi nalo linashuka. Basi mguu umezoea, na mazoea yana taabu. Unakanyaga akitazama filamu. Unakanyaga jirani akisimulia safari na kufika penye mteremko. Siku moja kwa daktari wa meno, sindano ilipokaribia, mguu ukakanyaga kwa nguvu zote, na kwa bahati mbaya pale chini palikuwa na kanyagio kweli. Kiti kikashuka mpaka mwisho. Daktari akabaki na sindano hewani, akimtafuta mgonjwa wake.

Jina alilopewa na wazazi wake analijua mumewe na watu wa ofisi ya leseni tu. Wengine wote humwita Mama Breki, na yeye huitika kwa fahari.

Shule yake ina gari moja tu, dogo, jeupe ukiliona kwa mbali, na linaitwa Subira, kwa sababu bila hiyo haliwaki. Wahenga walisema subira huvuta heri. Huyu Subira alivutwa yeye, kwa kamba, mara mbili kila mwaka. Lakini watu waliojifunzia humo walifaulu. Mama Breki aliwafokea, aliwatania, aliwaacha wazime gari katikati ya mzunguko huku wenzao wakiwapigia honi, na mguu wake aliutumia mambo yalipofika pabaya tu. "Kosa dogo ni mwalimu mwenzangu," alikuwa akisema, "siwezi kumfukuza kazi."

Sasa, mwanzoni mwa mwaka ule, ilikuja kamati kukusanya maoni ya wananchi: je, umri wa kupewa leseni upandishwe kutoka miaka kumi na minane hadi ishirini na mmoja? Mama Breki alifika ukumbini saa nzima kabla ya viti. Alipewa kipaza sauti kwa dakika tatu, akakaa nacho kumi na moja.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi hawa watoto nimekaa nao ubavuni. Nawajua kuliko mama zao. Mtoto wa miaka kumi na minane ana mguu wa mafuta. Mguu wa breki bado haujaota!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Kijana mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na wazee wanaogonga je?"

"Nao nitawafikia," alijibu Mama Breki. "Naanza na nyinyi kwa sababu mnakimbia."

Hoja ikapita. Ikatangazwa kwamba sheria itaanza Jumamosi, tarehe mosi ya mwezi wa saba: mwenye leseni kabla ya siku hiyo abaki nayo, asiye nayo asubiri atimize ishirini na mmoja. Mama Breki alilikata tangazo gazetini akalibandika ukutani. Alikuwa bado ameshika gundi binti yake alipoingia, akalisoma, akaketi chini polepole.

Huyo binti ndiye kitinda mimba wao, na nyumbani wanamwita hivyohivyo, Kitinda. Alikuwa na miaka kumi na minane na wiki tano. Kwa mwaka mzima alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la mikate la mtaa wa pili, akipanga mikate kwenye trei, na mwenye tanuri alikuwa amenunua gari dogo la kusambazia. Alikuwa amemwambia, "Ukija na leseni mwezi huu, funguo ni zako. Ukikosa, mwanangu, nitamchukua mwingine, mkate haungoji mtu." Kitinda alikuwa ameshaota lile gari mpaka harufu yake.

"Mama," alisema, "kwa hiyo ulipiga kelele zote zile ukumbini kunifungia mimi njia?"

"Sikukutaja wewe."

"Nina miaka mingapi?"

Mama Breki alitazama ukuta, akatazama gundi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Leo ulikuwa umemgeukia mwenyewe, tena kwa mkono wake. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, aliinua kichwa kutoka kwenye mashine. Watu humwita Fundi, naye huwa na maneno machache kwa kuwa mdomo wake kwa kawaida umejaa pini.

"Mimi mteja akija simuulizi umri," alisema Fundi. "Navuta futi, nampima."

"Nguo haigongi mtu, Baba Kitinda."

"Suruali yako ya kwanza niliyokushonea ilikuangusha ngazini."

Kitinda akacheka, Mama Breki akajikaza asicheke, akashindwa. Wakakubaliana: mtihani Jumatatu ya wiki ya mwisho kabla ya sheria kuanza. Kibali cha kujifunza Kitinda alikuwa nacho, na kwa miezi mitatu alikuwa akifundishwa na mama yake mwenyewe ndani ya Subira. Tena aliendesha vizuri ajabu. Gia zilimtii. Vioo alivitazama bila kukumbushwa. Kwenye makutano gari lilisimama taratibu, pale pale kwenye mstari, kila mara. Mama Breki alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba hajawahi kuona mwanafunzi anayesimamisha gari kwa ulaini vile.

Jumatatu ikafika. Mtahini alikuwa Bwana Kalamu, aliyeitwa hivyo kwa sababu kalamu moja aliiweka sikioni na nyingine aliitafuna. Hakuna aliyewahi kuona meno yake siku ya kazi, isipokuwa yale ya kutafunia. Aliingia kiti cha mwalimu, akachukua pini ya chuma kutoka kwenye kisanduku cha mbele, akalifunga nayo kanyagio la pili lisishuke, kama kanuni inavyotaka. Mama Breki akaketi kwenye benchi ya uwanja wa mtihani, mikono mapajani, akitabasamu kama mwenye harusi.

Subira aliwaka mara ya kwanza. Hiyo peke yake ilikuwa muujiza. Kitinda akatoka, akazunguka vigingi, akarudi nyuma katikati ya mistari bila kugusa hata mmoja, akapandisha gia, akaja kwenye mstari wa kusimama mwisho wa uwanja. Mbele ya mstari huo kulikuwa na rundo la tairi kuukuu zilizopakwa rangi nyeupe na nyekundu. Kitinda aliweka mguu kwenye breki, uso umetulia, akapita mstari, akaingia kwenye tairi.

Hakuumia mtu. Zilikuwa tairi, na mwendo ulikuwa wa harusi. Lakini rundo lilimwagika, na tairi moja ikajitenga na wenzake, ikabingirika uwanja mzima bila haraka, ikafika kwenye benchi, ikazunguka mara mbili na kulala miguuni pa Mama Breki.

"Nilikanyaga!" Kitinda alikuwa akisema mama yake alipofika anahema. "Haki ya nani nilikanyaga, kama siku zote!"

"Nionyeshe ulivyokanyaga," alisema Bwana Kalamu.

Kitinda akaweka mguu kwenye breki. Akauweka tu, basi, kama mtu anayepumzisha mkono kwenye kichwa cha mtoto aliyelala. Kisha akangoja kanyagio lishuke lenyewe.

Bwana Kalamu akatoa kalamu mdomoni.

"Mama Breki, watu wote uliowahi kuniletea hapa wanafunga breki. Ni huyu wako tu. Kwa nini?"

Jibu alilijua kabla swali halijaisha, na lilimchoma. Wana wa wenzake aliwaacha wakosee. Huyu wake, akiona makutano mita mia mbele, mguu ulikuwa umeshafika. Miezi mitatu Kitinda alikuwa akiwekelea mguu kwenye kanyagio linaloshuka lenyewe, akidhani ni yeye. Mama Breki alikuwa amesimama mbele ya ukumbi mzima akasema watoto hawana mguu wa breki, kumbe wa mtoto wake alikuwa nao yeye. Aliona aibu mpaka masikioni.

"Jaribio la pili Ijumaa," alisema Bwana Kalamu, akiandika. "Ndiyo siku ya mwisho. Ofisi inafungwa saa kumi."

Jioni Fundi alipohadithiwa alicheka mpaka ikabidi ateme pini kwanza, moja moja, kwa usalama. Kisha, bila kusema kitu, akavuta futi, akapiga magoti, akampima mkewe kutoka kiunoni hadi kwenye visigino.

"Unafanya nini?"

"Nakushonea dawa."

Asubuhi ya Jumanne dawa ilikuwa tayari: mfuko wa kitambaa kigumu cha kufunikia makochi, wa kuingiza miguu yote miwili, wenye kamba ya kufungia kiunoni. Mama Breki aliingizwa ndani ya mfuko, akabebwa na mumewe na bintiye mpaka kwenye kiti cha pembeni kama gunia la mahindi, majirani wakitoka milangoni na miswaki mdomoni kutazama. Wakaenda kwenye uwanja mpana nyuma ya maghala ya zamani, pasipokuwa na mtu wala mnyama. Kitinda akatia gia, akasogea, akakaribia chupa ya plastiki waliyoisimamisha iwe mtembea kwa miguu. Mfuko ukafurukuta. Miguu yote miwili ikaruka kwa pamoja, na Subira akasimama kwa kishindo ambacho hajawahi kusimama nacho tangu atoke kiwandani.

"Mama! Sasa unakanyaga kwa miwili!"

"Si mimi, ni mfuko!"

Walicheka, lakini Kitinda ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Aliegemea usukani. "Mama, huniamini," alisema. "Sema tu. Chupa hii ungempa mtoto wa jirani aigonge."

Mama Breki alifungua kamba, akajitoa mfukoni. "Mtoto wa jirani akigonga chupa naiona chupa," alisema. "Wewe ukiikaribia naona hospitali. Naogopa, mwanangu. Ndiyo hivyo tu. Nimezaa watoto wanne, na mguu huu umeng'ang'ania kwako wewe."

Halafu akafungua kisanduku cha mbele, akatoa ile pini ya chuma. Akaipitisha kwenye tundu. Akafunga kanyagio lake mwenyewe, kwa hiari yake, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita.

"Twende," alisema. "Ua hiyo chupa."

Kitinda aliua chupa kumi na moja siku hiyo. Jumatano aliua nne. Mama Breki alikanyaga zote, na kanyagio lake likagoma kila mara, gumu kama jiwe, mpaka nyayo zikamwaka moto. Alhamisi asubuhi Kitinda alifunga breki ya kwanza ya maisha yake iliyo kamili. Aliifunga mno. Subira akapiga magoti, kofia ya Mama Breki ikaruka kupitia dirisha lililo wazi na kwenda kutua mbele ya chupa, na chupa ikabaki imesimama pale pale. Wote wawili walishuka garini wakiizunguka ile chupa na kupiga vigelegele, mwalimu wa miaka sitini na mmoja na mwanafunzi wake, peke yao uwanjani, kwa ajili ya chupa tupu ya maji.

Ijumaa Bwana Kalamu alikuwa na sharti jipya.

"Leo mwalimu atakaa nyuma," alisema. "Tairi zikija, uzione mwenyewe. Na tunatoka barabarani. Neno moja kwa mtahiniwa, au ishara moja, mtihani umefutika."

Mama Breki aliingia kiti cha nyuma. Hapo pana jambo ambalo familia nzima ililijua na Bwana Kalamu hakulijua: chini ya zulia la nyuma, sakafu ya Subira ilikuwa kutu zaidi kuliko bati. Mizigo mizito haikuwekwa pale. Mama Breki aliweka miguu yake kwa adabu, akashona midomo.

Kitinda aliendesha vizuri. Alisimama penye kivuko. Aliwapisha wanafunzi. Alipanda kilima na gia yake sahihi. Walipofika kwenye makutano ya sokoni, mwendesha baiskeli mmoja, nyuma yake trei sita za mayai zimefungwa kwa mpira, aligeuza kichwa kumjibu mtu aliyemwita, na baiskeli ikafuata kichwa, moja kwa moja mbele ya gari.

Mguu ukaenda. Hakuuamuru, hajawahi kuuamuru. Ulishuka na uzito wote wa uzazi, ukapita zulia, ukapita kutu, ukatokea upande wa pili.

Gari lilisimama.

Kwa nukta moja Mama Breki aliamini kabisa kwamba amelisimamisha yeye. Kisha akahisi kaubaridi kwenye vidole. Akatazama chini. Kiatu hakikuwepo. Mguu wake ulikuwa umening'inia nje ya gari mpaka kifundoni, na chini yake aliiona lami, kila kokoto mahali pake, imetulia tuli. Mguu wake ulikuwa umekanyaga hewa. Mwenye mayai alikuwa amesimama hatua tatu mbele, mayai yote mazima, ameshika kifua.

"Kishindo gani hicho huko nyuma?" aliuliza Bwana Kalamu bila kugeuka.

Mama Breki alitikisa kichwa, midomo imebana.

"Ukiulizwa unaruhusiwa kujibu."

"Uzee wa gari, bwana."

"Endelea," Bwana Kalamu alimwambia Kitinda, na Mama Breki akawa na muda wa kutia gia moja tu kuuchomoa mguu tunduni. Safari iliyobaki aliimaliza akiwa ameukumbatia mapajani, upepo wa barabara ukimjaza sketi.

Waliporudi uwanjani Bwana Kalamu alichukua fomu na kuanza kutafuna. Alikuwa hajaandika kitu. Mara ikaingia baiskeli, polepole, mayai nyuma na mpandaji akiwa na kiatu cha kike mkononi.

"Samahanini," alisema. "Hiki kimedondoka kutoka tumboni mwa gari lenu."

Bwana Kalamu alikitazama kiatu. Akautazama mguu wa Mama Breki. Akainama, akachungulia chini ya Subira, akaliona tundu. Aliposimama, kalamu zote mbili zilikuwa mkononi.

"Hii ni ishara," alisema. "Ulimkanyagia."

Moyo wa Mama Breki ulishuka mpaka kwenye kile kiatu. Leseni na gari la mikate vyote vimepita kwenye tundu moja la kutu, imebaki miaka mitatu ya kungoja, na mguu ule ule ndio uliovipitisha.

"Nilikanyaga," alisema. "Siwezi kusema uongo. Lakini mimi nilikanyaga hewa, bwana. Breki iliyoshika si yangu."

"Mtahiniwa," Bwana Kalamu alimgeukia Kitinda, "ulikisikia kishindo cha mama yako?"

"Nilikisikia."

"Kabla ya kufunga breki?"

"Baada," alisema Kitinda. "Gari lilikuwa limeshaanza kusimama. Yule kaka nilimwona tangu alipoitwa. Nikajua atageuka."

"Ni kweli," alidakia mwenye mayai. "Nilisikia breki kwanza, halafu ndiyo nikaona mguu."

Ishirini na sita! Katika miaka ishirini na sita hakuna binadamu aliyewahi kuutangulia mguu ule. Mama Breki alimtazama bintiye kama mtu aliyepishwa barabarani na gari ambalo hakuliona likija.

Bwana Kalamu aliandika. Aliandika kwa muda mrefu usiostahili. "Mtahiniwa amefaulu," alisema mwishowe. "Gari limefeli. Hakuna kubeba mtu nyuma mpaka sakafu ishonwe." Na hapo, saa tisa na dakika arobaini siku ya Ijumaa, watu watatu waliyaona meno ya Bwana Kalamu, na ni mazuri tu, sijui aliyaficha kwa nini. Mwenye mayai alipiga makofi. Kitinda alimkumbatia mama yake, kisha mtahini, kisha mwenye mayai, kwa uangalifu.

Mpaka leo ukimuuliza Mama Breki atakuambia umri uongezwe. Tena ufike ishirini na mitano, na wazazi wafanyiwe mtihani wao kwanza. Lakini tangazo la ukutani liliondolewa wiki hiyohiyo. Pale lilipokuwa, Kitinda hubandika ratiba ya mikate.

Siku ile walirudi nyumbani Kitinda akiwa kwenye usukani na mama yake kiti cha pembeni, mikono mapajani, viatu vyote viwili miguuni. Pini hakuna aliyekumbuka kuitoa. Fundi alikuwa kibarazani anawangoja, futi shingoni. Subira aliingia uani, akasimama taratibu mbele ya mlango bila hata kutikisika. Kitinda alishuka mbio, kidole mdomoni, leseni hewani.

"Nyamaza, baba."

"Amezimia?"

"Amelala. Tangu sokoni."

"Ndani ya gari?" Fundi alinong'ona. "Linalotembea?"

Alikwenda kwa ncha za vidole, akachungulia dirishani. Mkewe alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, anakoroma. Fundi alitazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa umelala ubavu, mbali na kanyagio.